Mji wa Mwisho Sikuutoa

Niwasimulie, wanangu, nilivyolala jana nimenuna. Ni wiki ya tatu sasa binti yangu Sihaba ananipeleka kliniki, kwenye mazoezi ya wazee tulioanza kusahausahau. Tunakalishwa mbele ya kompyuta, picha zinafunikwa, nawe ukumbuke pacha wa kila moja yuko wapi. Nilikosea mara nne, nikakunja mikono, sikubonyeza tena. Njiani nikamwambia, "Alhamisi sirudi." Baada ya alasiri nikajinyoosha mkekani, moyo haujatulia, usingizi ukaniiba.

Nikajiona katika nchi ambayo nyumba zote zimeipa barabara mgongo, na kila nikigeuka nilikotoka, njia imeshahama. Nilitembea hima nisijue nawahi nini, upepo ukinivuta ushungi, mpaka nikamkuta mwanamke amejifunika hadi machoni, kakaa kigodani. Ndiye Aibu. "Kitendawili," akasema. "Tega," nikaitika, maana mimi na vitendawili ni damu moja. "Kuku wangu katagia miibani." Hicho nimewafundisha watoto wa mtaa mzima, lakini jibu lilifika kwenye ncha ya ulimi likagoma. "Usijaribu, bibi, watu watakucheka," akaninong'oneza. "Nipe mji tu." Ndiyo desturi, ukishindwa unatoa mji. Nikampa Korogwe nilikozaliwa, papo hapo sauti ya mama yangu ikanitoka masikioni. Akatega kingine, nikampa Lushoto nilikoolewa, na uso wa marehemu Hatibu, mume wangu, ukafutika kama chaki ubaoni. Nikabaki na mji mmoja, huu ninamoishi na Sihaba.

Hapo akatokea mwanamke wa makamo, jasho linamtiririka, viganja vina sugu, akajitaja kuwa ni Mazoezi. "Mwenzangu," akasema taratibu, "tangu utoto wako, aliyejibu vibaya aliwahi kunyang'anywa mji?"

Nikafikiri. "La. Anajibu tena."

"Nani basi hutoa mji?"

"Anayesema nimeshindwa."

"Siwezi kukuahidi kila kitu kitarudi. Vingine vimekwenda. Ila usitoe mji kwa kunyamaza."

Aibu akarudia kile cha kuku, mkono ameunyoosha. "Fenesi," nikasema. Akacheka. Nikajaribu tena, "Stafeli." Safari hii hakucheka, akaanza kukusanya nguo zake. Nikafumbua kinywa mara ya tatu, nikazinduka.

Sihaba alikuwa mlangoni anachambua mchicha. "Mama, unataja matunda usingizini. Una njaa?"

"Nilikuwa natafuta nanasi, mwanangu."

Nikakaa kitako, nikaelewa kwamba kule kliniki hakuna aliyenishinda. Mji niliutoa mwenyewe, nilipokunja mikono.

"Alhamisi tutoke mapema," nikamwambia.

"Si umesema hurudi?"

"Narudi nikakosee. Nitakosea mpaka hiyo mashine inichoke."