Waliogoma Kutangulia Kunywa Kule Bohol

Usiku wa jana niliota nimefungua mlango wa stoo kuchukua chumvi, nikatokea Ufilipino, kwenye kisiwa cha Bohol. Nilikuwa na hasira zangu, kwa hiyo sikushangaa.

Hasira zilitokana na posa ya binti yangu Aneth, iliyokuwa imekwama mchana. Sisi ni Wahehe, na waliokuja kuposa ni Wangoni, watani zetu tangu mababu walipochoka kupigana. Mtani usipomchokoza anadhani unaumwa. Lakini mkwe anaheshimiwa mpaka unaona haya kutafuna mbele yake. Sasa mtu akiwa vyote viwili? Mzee Ngonyani, baba wa kijana, alikaa sebuleni kwangu hajui anitanie au ainamishe kichwa, na mimi vilevile. Ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, ulibaki mezani kila upande ukiwabembeleza wenzake waanze, mpaka wageni wakaaga. Aneth alijifungia chumbani akalia. Kile kilio kiliniuma sana.

Basi huko Bohol niliona mnara wa sanamu za shaba zimezunguka meza. Upande huu chifu wa kisiwa, upande ule nahodha Mspaniola, vikombe vimeinuliwa. Zamani walichanjana mikono, wakachanganya damu na mvinyo, wakanywa wawe ndugu. Hayo nilielezwa na kibao cha wageni, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kwa hiyo walikunywa," nikasema.

"Walipokuwa watu, walikunywa," kikajibu kibao. "Tangu wawe shaba, bado."

"Wanangoja nini?"

"Wasikilize."

"Tangulia, mkubwa," anasema nahodha.

"Wewe ndiye mgeni, tangulia," anajibu chifu.

"Siwezi kukutangulia nyumbani kwako."

"Nami siwezi kumtangulia mgeni wangu."

"Wanaanza hivyo kila asubuhi," kinasema kikombe cha chifu. "Damu haijawahi kunisumbua. Nzi ndio wamenichosha."

Kibao kinakohoa. "Mama, umevuka kamba ya kuzuia wageni. Aliyevuka kamba ni shahidi, na shahidi haondoki mpaka wanywe."

Natazama chini. Ndala zangu ni za shaba, vidole pia. Nawaza Aneth. Nani atakubali kuoa kwa mama anayepigwa picha na watalii?

Nikageuka kutafuta mlango wa stoo. Haupo. Bahari nayo imeondoka, na mnara mzima uko sebuleni kwangu, nahodha amekanyaga zulia langu kwa mabuti.

"Shikamoo, nahodha," nasema kwa adabu zote.

"Marahaba, mama."

Shaba inapanda mpaka magotini.

"Samahani sana, chifu, kwa heshima na taadhima..."

Ikafika kiunoni. Hapo nikaelewa, na nikakasirika kwelikweli. Heshima ndiyo iliyowagandisha hawa!

"Wewe Mspaniola!" nikafoka. "Kofia ya chuma kwenye jua hili! Ubongo umeiva humo, bado chumvi tu!"

Bega la chifu likatikisika, na kinyesi cha njiwa kilichokuwa juu yake kikadondoka.

"Na wewe unacheka nini? Mgeni kasimama miaka yote hii, hata kigoda hujampa! Kisiwa kizima hakina kiti?"

Nahodha akacheka mpaka ndevu zikalia kama sufuria. "Alinipa," akasema, "kikavunjika. Kwao hawajui useremala!"

"Kilivunjika kwa makalio yako!" akajibu chifu. "Jahazi lako lenyewe lilishukuru uliposhuka!"

Shaba ikaniteremka miguuni kama soksi iliyolegea. Nikakinyakua kikombe, nikaonja mimi kwanza, maana kwetu mwenye pombe ndiye huonja, mgeni ajue hakuna sumu. Ulikuwa ulanzi wangu uleule, umechacha vizuri. Nikawapa. Wakanywa, wakapokezana, wakatukanana kwa furaha kubwa.

Nikaamshwa na hodi. Kumekucha, na mlangoni amesimama Mzee Ngonyani, peke yake, bila mshenga.

"Nyie Wahehe mna roho mbaya," akasema, hata salamu hakuna. "Jana mmeniacha na kiu mpaka kwangu."

Moyo ulinilipuka kwa furaha. "Mngoni hukosi kiu," nikamjibu. "Unakosa aibu tu. Ingia."

Nikamimina, nikaonja, nikampa. Akapokea kwa mkono wa kushoto. Mkwe akikufanyia hivyo, ni tusi, na posa imekufa hapo hapo. Nikamkazia macho.

"Usinitazame hivyo, mtani," akasema. "Nimeamka kiwiko cha kulia hakikunji. Sijui nililala nimeinua nini."

Akaufunua mkono huo wa kulia. Kiganja kilikuwa na kutu ya kijani, ile ya shaba iliyokaa nje mvuani.

Tulicheka mpaka Aneth akatoka chumbani, macho yamevimba, kuuliza tunagombana nini tena.