Mstari wa Nne

Barua pepe ya chuo ilifika kwenye simu ya Ineza Jumatatu asubuhi, wiki tatu kamili kabla ya mtihani wa mwisho. Ilikuwa na mistari mitano na haikuacha nafasi ya kubishana. Mtihani ungefanyika tarehe 13 Oktoba, kwenye kompyuta yenye kamera, na programu ya kusimamia mtihani haikubali chochote kilicho chini ya Windows 10. Atakayeukosa mtihani amekosa mwaka, na atakayekosa mwaka amepoteza ufadhili.

Nyumbani kwao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kitovu chake, Base Camp, kulikuwa na kompyuta moja. Ilikuwa kompyuta mpakato ya marehemu baba yake, Jean-de-Dieu, na ilikuwa na Windows 7. Tangu afariki mwezi wa pili, hakuna aliyeigusa isipokuwa mama yake, Marcienne. Kila Jumamosi Marcienne aliifuta vumbi, akaiwasha, akangoja mpaka iwake yote, kisha akaizima. Ineza masomo yake aliyafanya kwenye simu.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na nyimbo za kanisa arobaini na tatu. Jean-de-Dieu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chao kwa miaka kumi na mmoja, na nyimbo zake alizitunga kwa programu ya kuandikia noti aliyoachiwa na padri mmoja Mbelgiji. Ishirini na nne kati ya hizo kwaya ilikwisha kuziimba. Kumi na tisa zilizobaki alizitunga mwaka wake wa mwisho, akiwa kitandani, na hakuna Jumapili hata moja ziliposikika.

Kalume, Mkongo wa Uvira aliyeipokea kwaya baada yake, alikuja kuziomba mwezi wa tatu. Akarudi tena baada ya Pasaka.

"Siye hatutaki machine, Mama Ineza," alisema mara hiyo ya pili. "Makaratasi tu. Batu ba kwaya banauliza mingi."

Marcienne alimjibu kwa upole ule ule wa mara ya kwanza kwamba mashine ni ya zamani, na asiyeijua ataiharibu. Kule Ruyigi, Burundi, alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, na jambo moja aliliamini bila shaka yoyote: kilichokwisha kuandikwa kinaweza kungoja. Nyimbo zimo ndani, alimwambia Kalume, haziendi popote.

Sasa ilikuwa zamu ya Ineza kumwomba. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimweleza mama yake kwamba kompyuta za kituo cha vijana pale Base Camp hazina kamera, kwamba hakuna jirani wa kuazima kwake, na kwamba fundi wa Ruti, mjini Mbarara, aliyemuuliza kwa simu alisema Windows mpya inawezekana lakini programu ya noti haitarudi. Kampuni iliyoitengeneza ilifungwa zamani, na bila kibali chake programu haifunguki upya. Marcienne alisikiliza yote, akauliza kama chuo kinaweza kusogeza tarehe. Ineza alikwisha kuuliza. Hakiwezi.

"Baba aliziandika ziimbwe au zilindwe?" Ineza akamwuliza.

Marcienne akamwambia aangalie ulimi wake. Kwa siku mbili walizungumza habari za maharage na za mvua tu. Siku ya tatu, Alhamisi, Marcienne aliamka mapema, akaifunga kompyuta katika kitenge, akamwambia binti yake avae viatu.

Duka la fundi huyo, Shafiq, lilikuwa Ruti, kando ya barabara ya Kabale. Alikuwa mtu wa Mbarara, mwenye ndevu fupi na miwani aliyoiinua kila alipotaka kuona vizuri. Aliiwasha kompyuta, akaitazama ikijikongoja, akacheka kidogo.

"Mama nyabo, hii Windows kama ni mtoto, sasa iko na ndevu kushinda mimi."

Marcienne hakucheka. Shafiq akaacha mzaha. Aliendesha kipimo chake karibu robo saa, kisha akaigeuza kompyuta ili mama naye aone. Palikuwa na mistari mingi myekundu.

"Siwezi kukudanganya," alisema. "Diski imechoka. Ukiiacha na Windows ya zamani, inakufa na kila kitu. Labda Krismasi, labda kesho. Ukiweka mpya, naweka kwa diski ingine, na ile programu ya nyimbo haiwezi kurudi. Lakini leo bado inafunguka. Tufungue wimbo moja moja, tuchape kwa karatasi. Karatasi haitaki Windows."

Marcienne aliuliza kama hiyo Windows mpya nayo haitakuja kuchoka. Shafiq alikuwa mkweli. Mashine hii haiwezi kupokea ya 11, alisema, na hata hiyo ya 10 watengenezaji wake wanaacha kuihudumia mwezi ujao. Itafanya kazi bado, na kwa mtihani inatosha.

Hivyo Marcienne alifanya uamuzi wake kwa ukweli aliopewa. Wachape kwanza, kisha abadilishe. Njiani kutoka nyumbani alikuwa amejiandaa kwa jambo baya zaidi, na kwa dakika chache akajisikia mwepesi. Aliomba meza. Alitaka kuzipanga mwenyewe kwa tarehe.

Karatasi zikaanza kutoka. Marcienne hakujua kusoma noti, lakini alijua sura ya karatasi za mumewe: mistari minne, mmoja chini ya mwingine, soprano juu, kisha alto, kisha teno, na chini kabisa sauti ya nne, besi. Alipanga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne mkono wake ulisimama. Akarudi nyuma, akatazama upya.

Shafiq naye aliona. "Printa inanisumbua," alisema, "mstari wa chini haitoki." Akafungua printa, akasafisha, akachapa tena ule ule. Kisha akainua miwani, akasogea karibu na kompyuta yenyewe. Akafungua wimbo mwingine, na mwingine. "Printa iko sawa, nyabo. Hata ndani hakuna kitu. Besi aliacha bure."

Walizichapa zote arobaini na tatu. Mstari wa nne ulikuwa mtupu katika zote.

Hapakuwa na fumbo lolote, na hilo ndilo lililomuumiza. Wanaume wa besi walikuwa wakulima ambao wengi hawakujua noti. Jean-de-Dieu mwenyewe aliimba besi, na aliwafundisha kwa mdomo, akisimama katikati yao. "Ya nne ninayo mimi," alikuwa akisema mtu akimwuliza. Kuiandika kungekuwa kujichosha bure. Zile ishirini na nne za zamani wanaume walizijua kwa kichwa. Zile kumi na tisa hakuwafundisha, kwa sababu hakuweza tena kusimama.

Alimfundisha mmoja tu. Mwaka ule wote wa mwisho mzee Munyakazi, mkongwe wa besi, alikuja Jumatano na Ijumaa, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, na wanaume hao wawili wakavumisha sauti zao chini chini mpaka chai ipoe. Marcienne aliwaletea chai hiyo. Alidhani ni wagonjwa wawili wanapoteza muda. Munyakazi alizikwa mwezi wa sita.

Marcienne akahesabu, maana hesabu ilikuwa kazi yake. Kama Kalume angepewa karatasi mwezi wa tatu, angeliona pengo siku hiyo hiyo, na angejua mlango wa kwenda kubisha hodi, wa Munyakazi. Palikuwa na miezi mitatu. Nyimbo kumi na tisa kwa miezi mitatu, hata mzee mgonjwa angeweza. Yeye ndiye aliyeulinda mlango wa nyumba isiyokuwa na kitu ndani, na aliyekuwa nacho alikuwa akipita hapo nje kila siku akienda kisimani.

Shafiq hakuyajua hayo. Aliona tu mama amekaa na karatasi mapajani, akamwuliza kama anataka kusikia wimbo mmoja kabla hajafunga. Kompyuta ikaimba sauti tatu kwa mlio wake wa kinanda cha bandia. Wimbo ulikuwa wa Majilio. Hapo katikati zile sauti tatu zilinyamaza kwa vipimo vinne vya muziki, zikimwacha mtu aingie peke yake, na hakuingia mtu. Kisha zikaendelea.

"Mama," alisema Ineza, na sasa ni yeye aliyesita. "Tunaweza kungoja kidogo. Labda kuna mtu mwingine alisikia."

"Hakuna cha kungojea," alisema Marcienne. "Shafiq, weka hiyo mpya."

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Jioni walirudi Nakivale na kompyuta iliyowaka haraka, na ambayo haikuwa na jina la mtu yeyote ndani yake mpaka Ineza alipoandika lake. Tarehe 13 alifanya mtihani wake chumbani, mlango umefungwa, mama yake akiwa nje anawazuia kuku wasipige kelele.

Karatasi Marcienne alikuwa amezipeleka kwa Kalume Jumapili ya kwanza baada ya safari ya Ruti. Kalume alizipitia zote amesimama, akifuata kwa kidole. Alipofika mwisho alizipanga upya sawasawa. Hakusema kwamba aliomba mara mbili. Alisema besi anaweza kuitunga yeye, ya wimbo mmoja kwanza, kwa Misa ya Marehemu wote.

"Itakuwa yako," alisema Marcienne. "Si yake."

"Ndiyo, Mama Ineza. Itakuwa yangu."

Tarehe 2 Novemba kanisa lilijaa. Kwaya iliimba wimbo wa kumi na mbili kati ya zile kumi na tisa, na wanaume sita wakaingia chini, wazito, bila kukosea. Ilikuwa kazi nzuri, ya mtu anayejua anachofanya. Baada ya Misa, Vestine, jirani yao wa miaka mingi, alimshika Marcienne mikono yote miwili, macho yakimlengalenga. Alisema watu wote wanashukuru. Alisema pale wanaume walipoingia, mwili ulimsisimka.

"Nilimsikia mwenyewe kabisa," alisema. "Ile sauti ya chini, ile ni ya Jean-de-Dieu, huwezi kuikosea."

Ile sauti ya chini ilikuwa na wiki tatu tangu itungwe. Marcienne alisema asante, kisha akamwuliza Vestine kama goti lake limepata nafuu.