Santuri Iliyobeba Mayai

Kwa miaka kumi, mayai ya nyumbani kwetu Migori yalikaa ndani ya santuri. Ilikuwa imekunjwa ikawa bakuli jeusi lenye kingo za mawimbi, na tundu lake la katikati limezibwa kwa kifungo cha koti. Hiyo ndiyo nakala pekee tuliyoijua ya *Kiboko Anaota*, albamu ambayo baba yangu, Ogeto, aliirekodi Nairobi na bendi yake mwaka wa 1968, miaka mingi kabla hajabatizwa na kuwa mzee wa kanisa.

Niliyajua hayo yote nilipoandika makala yangu.

Ilikuwa 1996. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na diploma ya uandishi wa habari ambayo wino wake haujakauka, na nilikuwa na hakika kwamba kutoka Migori hadi Nairobi hakuna wa kunipita kwa Kiswahili. Baba alikuwa amenisimulia jinsi alivyochana karatasi ya spika kwa wembe ili gitaa lingurume. Jinsi fundi wa studio alivyogeuza utepe ukacheza kinyumenyume. Jinsi walivyokwenda Kendu Bay na kinasa sauti kuvizia viboko wakikoroma, wakauweka mkoromo ule chini ya ngoma. Watu walisema ni kelele za wendawazimu. Zilitolewa santuri mia mbili, nyingi zikarudishwa.

Gazeti likanipa nusu ukurasa. Sikuandika "baba anakumbuka". Niliandika "ninaposikiliza". Niliandika kwamba sauti ya mwimbaji wao, Roseline, "inapasua maji kama mgongo wa mnyama anayepanda kuvuta pumzi". Niliandika kwamba santuri iko kwetu hadi leo. Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda kuliko zote, kwa sababu haikuwa uongo.

Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka Homa Bay. Roseline alikuwa hai. Alikuwa amepasuliwa koo miaka minne iliyopita, akabaki na mnong'ono tu. Nakala yake iliungua pamoja na nyumba, na wajukuu wake hawakuamini kwamba aliwahi kuimba hata kanisani. Je, ningeweza kuleta ile yetu Jumapili kwenye duka la Mohammad, anayenakili santuri kwenye kaseti? "Nataka kujisikia mara moja tu," alimalizia.

Jibu lake lilihitaji mistari miwili. Mimi niliyejaza nusu ukurasa kuhusu mkoromo wa kiboko nilishindwa na mistari miwili. Badala yake nilitoa mayai, nikalichovya bakuli kwenye maji ya moto, nikalikandamiza chini ya pasi ya makaa na matofali mawili. Likatoka limejikunja upya kama chapati iliyoungua.

"Twende nayo hivyo hivyo," baba alisema. "Nitakuwa nawe."

Tulimkuta Mohammad ameshaifuta mashine vumbi na kuweka kaseti mpya. Roseline alikuwa amefunga skafu ya buluu shingoni. Wajukuu wanne walikaa kwenye benchi, wamechanwa nywele kama siku ya kupigwa picha.

"Omera, ndugu yangu Ogeto," alinong'ona akicheka. "Umenenepa. Kumbe Mungu anapika vizuri."

"Rozi," baba akasema, akavitazama viatu vyake.

Nilikifungua kitambaa nilichoifungia santuri. Mohammad akakipokea kile kitu, akakigeuza huku na huku.

"Hii niipigie wapi, dada? Jikoni?"

Roseline aliichukua santuri mikononi mwake, akapitisha kidole juu ya mistari yake polepole, kama mtu anayetafuta mahali alipoachia kusoma. Kisha akatoa mkobani makala yangu. Yalikuwa yamekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi karatasi imelegea.

"Nyara, binti yangu, hapa umesema sauti yangu inapasua maji. Ni wimbo gani huo? Upande wa kwanza au wa pili?"

Masikio yaliniwaka moto.

"Sijui, mama."

"Kumbuka kidogo tu. Hata kama ni mwanzo wake, niambie ulivyokuwa."

"Sijawahi kuisikia. Kwetu hakujawahi kuwa na mashine ya santuri. Niliyatunga."

Alikunja makala, akayarudisha mkobani kwa uangalifu uleule. Mjukuu mkubwa akauliza kama sasa wanaweza kwenda nyumbani.

Baba akakohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Hukitoa kila anapotaka kusimama mbele ya washiriki wa kanisa.

"Rozi, huyu alikuwa mtoto wa darasa la sita. Shule ilitaka kazi za mikono, akaichukua bila kuniuliza. Mokeira, mwombe mama msamaha kwa kuharibu santuri."

Nilimtazama. Siku ile ya bakuli ilikuwa wiki moja kabla ya ubatizo wake. Yeye ndiye aliyeitoa kwenye jalada, na jalada lenyewe akalitia jikoni likaungua. Yeye ndiye aliyeishika juu ya maji ya moto, kwa kuwa aliogopa nisije nikaungua vidole, na alipomaliza kuibinya akasema, "Sasa ina faida." Shuleni nikawa nambari moja.

"Ulinipa wewe, baba."

"Mokeira. Omba msamaha."

Roseline hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama yeye, santuri imetulia mapajani pake, na baba hakuinua macho.

"Mama," nikasema, "makala ni uongo wangu, na gazeti lilelile litasema hivyo kwa jina langu. Aibu hiyo ni yangu, nimeibeba kutoka Migori. Lakini santuri hii siiombei msamaha. Si mbele ya wajukuu wako, si mbele ya kanisa lake. Siombi."