Mifupa Juu ya Picha ya Wegesa

Shati alilovaa Joram Heche siku ile halikuwa lake. Lilikuwa la Obonyo, rafiki yake mpiga gitaa wa Sirari, na kwapani lilinuka jasho la dansi zote ambazo Obonyo alikuwa amezipiga tangu mwaka uanze. Joram alipumua kwa mdomo.

"Vumilia, omera, rafiki yangu," Obonyo alimwambia wakiwa nje ya nyumba ya wageni pale Tarime. "Mkubwa atakavyokuona mara ya kwanza, hivyo hivyo ndivyo atakavyokukumbuka. Mpe mikono yote miwili. Akicheka, cheka. Habari za kazi yako usianze wewe, ngoja akuulize. Na usimwite ndugu."

"Si redio inasema sote ni ndugu?"

"Redio haigawi kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ukuta. Ofisi ya kijiji kipya ilikuwa imekwisha kujengwa, na alitafutwa mtu wa kuipamba kwa picha kubwa kabla ya sherehe za Saba Saba. Joram hakuwa na mwajiri. Huko kwao Machochwe aliishi kwa kuandika majina ya maduka na kuchora sura za watu, lakini tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji vya ujamaa maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Kwapani alibeba picha iliyofungwa kwa kitenge: shangazi yake Wegesa, aliyemlea, akisaga ulezi juu ya jiwe. Aliichora kwa rangi za maji masika yote.

Ndani kulijaa moshi wa sigara na harufu ya beberu. Nyamhanga, mkubwa wa mambo ya utamaduni, alikuwa amekaa nyuma ya sinia la mbavu, vifungo viwili vya shati vimefunguka, kidevu kinang'aa mafuta. Mbele yake alisimama Rubeni, mtunzi wa ngonjera, akisifu hekima ya mkubwa huyo kwa beti zisizokwisha. Katikati ya ubeti, tonge la ugali lilimdondokea mkubwa kifuani. Rubeni aliinama, akalitoa kwa ncha za vidole, akatazama huku na huku asijue aliweke wapi, kisha akalitia kinywani mwake na kuendelea na ubeti.

Joram alirudi nyuma hatua moja. Obonyo akamsukuma mgongoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, akatoa mikono yote miwili. Mkono uliompokea ulikuwa wa moto na unateleza, na haukuwa na haraka ya kumwachia.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Machochwe, Mheshimiwa. Joram Heche, mchoraji."

"Machochwe! Kumbe huko kuna watu? Mimi nilijua kuna nyumbu tu."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Joram naye alicheka. Alikisikia kicheko chake kikitoka juu juu, chembamba, kama cha mtu anayetekenywa na asiyempenda.

"Haya, tuone."

Akafungua kitenge. Nyamhanga aliilaza picha mezani, akaitazama, na kwa muda mfupi akaacha kutafuna. "Una mkono," alisema. "Huyu bibi yuko hai kabisa." Joram alifurahi. Alifurahi hadi masikio yakapata moto, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumtia kinyaa kuliko yote.

Maana mkubwa alikwisha kugeukia mtu mwingine, na sinia lilikuwa limejaa. Akitafuta mahali pa kuweka mfupa aliokuwa ameufyonza, aliuweka juu ya picha. Akaweka na wa pili. Mafuta yakatambaa kwenye shavu la Wegesa.

Alipoona watu wanatazama, alicheka. "Mwacheni bibi naye apate nyama!"

Wakacheka. Obonyo alimkazia Joram macho. Joram akacheka.

"Nampenda kijana huyu," Nyamhanga alitangaza. "Ana adabu. Ukuta ni wake. Utatuchorea wananchi wanahamia kijijini kwa furaha, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Asante, Mheshimiwa."

Obonyo alimkumbatia mlangoni. "Nilikwambia! Umempata mara moja tu!"

Joram alimpita, akaenda nyuma ya jiko na kutapika maji matupu. Akanawa kwenye pipa, akasugua kwa mchanga, akanusa viganja. Bado beberu. Wananchi kwa furaha! Wegesa alihama akilia, mgambo wakiezua paa lake na chungu kikiwa bado jikoni. Naye Joram alikuwa ametoka kumcheka pamoja na wale.

Alirudi ndani. Akaanza kuiondoa mifupa, mmoja mmoja, na kuirudisha kwenye sinia.

"Unafanya nini?" Nyamhanga aliuliza.

"Nachukua picha yangu."

"Si umeniletea mimi?"

"Nilikuja kukuonyesha, ndugu."

Rubeni alisonya. Nyamhanga alipangusa mdomo kwa kiganja, taratibu. "Nani kamleta huyu?" Obonyo alikuwa ameinama, akizikaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa zimelegea.

Ukuta alipewa mtu mwingine. Obonyo naye hakuitwa kupiga siku ya sherehe, akanuna mpaka baada ya mavuno.

Huko Machochwe, Joram alijaribu kuyafuta mafuta kwa majivu, kisha kwa chaki. Shavu likazidi kuwa jeusi. Wegesa alimkuta akihangaika, akauliza kumemwagika nini, naye akamweleza yote, hata kucheka.

Wegesa aliitazama sura yake pale pichani.

"Na ulikula nyama yao?"

"Sikula, shangazi."

"Basi kaa ule." Akamsogezea ugali na mrenda.

Joram alimega tonge, akalichovya, akalifikisha mdomoni. Akalishikilia hapo.

"Kula," alisema Wegesa, bila kumtazama.