Blanketi la Mama Mkwe

Mkwe wangu Wabwile aliujua mwili wa binadamu kuliko mimi ninavyolijua shamba langu. Ukimuuliza ini linafanya kazi gani, alikueleza mpaka ugali ukapoa. Karatasi zote za mtihani wa leseni ya uuguzi alizipita. Alianguka wodini, na nilipoambiwa sababu nilicheka mpaka binti yangu Gathoni, ambaye ndiye mkewe, akakataa kunimiminia chai.

Kwenye sehemu ya wodini unapewa mgonjwa wa kweli, umhudumie huku mtahini akitazama. Wabwile akapewa mama mmoja wa makamo. Akasimama mbali, akanyoosha mkono kama mtu anayelisha ng'ombe mkali, akamwomba mama ajifunge mwenyewe kile kitambaa cha kupimia presha. Mtahini akaandika kwamba kijana anaogopa wagonjwa.

Hakuogopa wagonjwa. Wabwile ni Mbukusu wa Kabuchai, na kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, na wakikutana njiani mmoja anapisha majanini. Sasa yeye, kila mwanamke wa rika la mke wangu alimwona mama mkwe. Heshima si utumwa, wanasema, lakini ya Wabwile ilikuwa imemfunga mikono yote miwili.

Alipewa nafasi ya kurudia, Bungoma, kabla ya Krismasi. Zahanati ya kwao ilimngojea. Akianguka tena, kazi ingepewa mwingine, na Gathoni angeendelea kukaa kwangu Kitale huku mumewe akikaa kwa mama yake. Nampenda binti yangu, lakini ndoa ya kutembeleana Jumapili si ndoa.

Akaja kwetu kujiandaa, akajificha stoo na vitabu vyake. Siku ya pili mke wangu Waruguru akajilaza kwenye kochi, akajifunika leso mpaka kidevuni, akaita, "Wabwile! Kuja upime mgonjwa!"

Wabwile akatokea stoo, akaona aliyelala, akatoka mbio kwa mlango wa jikoni. Geti hakulitafuta. Alipita katikati ya sukuma wiki yangu, akaruka ua.

"Ameenda wapi?" Waruguru akauliza, bado amelala.

"Na hiyo mbio, saa hii ako Webuye," nikamwambia.

"Si mimi ni Mkikuyu? Mwiko yao inanihusu nini?"

"Inamhusu yeye, mama Gathoni."

Basi nikajitolea mimi. Nilioshwa, nikageuzwa, nikapimwa joto asubuhi na jioni. Trans-Nzoia nzima hapakuwa na mkulima aliyejua mapigo ya moyo wake kama mimi. Wabwile alinihudumia vizuri ajabu, mikono laini, maneno ya upole. Lakini ilisaidia nini? Mimi nina ndevu.

Mwishowe Waruguru akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda Kabuchai, akarudi na Absalom, baba mdogo wa Wabwile. Mzee akanywa chai, akala viazi, akaomba chai tena, ndipo akasema.

"Ati kijana anasumbuka? Si kuna brangeti, bana! Mkwe anareta brangeti, mama anapokea na mkono yake, mwiko inarainika. Heshima inabaki, rakini mnaweza kusaidiana."

Waruguru akamgeukia Wabwile, aliyekuwa mlangoni akitazama ukuta. "Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama," Wabwile akauambia ukuta. "Nilikuwa nangoja tupate mtoto kwanza, kama wengine kwetu."

Jioni hiyo hiyo alirudi kutoka duka la Joginder na blanketi la kijivu. Alilitoa amefumba macho. Waruguru akalipokea, akajifunika, akalala kochini, akanyoosha mkono. Wabwile akamfunga kile kitambaa cha presha, akakikaza kama kamba.

"Pole pole," Waruguru akasema. "Si mbuzi unafunga."

Kufikia wiki ya mtihani aliweza kumuuliza amelalaje huku akimtazama. Sawa, alitazama sikio. Lakini lilikuwa sikio lake.

Yaliyotokea Bungoma alitusimulia mwenyewe. Mgonjwa wake alikuwa bibi wa Kabuchai. Wabwile akasalimia, akataja jina, na kwa adabu ya kwao akataja na ukoo. Bibi akavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Binti yake ameolewa kwenye ukoo ule, na kwake kila mwanamume wa huko ni mkwe.

"Toka hapa, mkwe!" sauti ikatoka chini ya shuka. "Unataka kuniona miguu?"

Mtahini akainua kalamu.

"Nikaona dirisha," Wabwile akatuambia. "Ilikuwa wazi."

Waruguru akafumba macho. Sote tulimjua.

Lakini hakuruka. Alivuta pazia la kitanda, akachukua blanketi la hospitali lililokunjwa miguuni, akapiga magoti, akalishika kwa mikono miwili.

"Mama, pokea hii kwanza. Ni ya serikali, lakini mkono ni yangu. Yako ya kweli nitakuletea nyumbani."

Kisha mkono ukatoka chini ya shuka, ukapapasa.

"Hii ni nyepesi."

"Ni nyepesi, mama."

"Hiyo ya kweli iwe nzito." Na bibi akamnyooshea mkono wa kupimwa.

Matokeo yalipokuja, alimpigia Gathoni simu. Nilikuwa nikipukuchua mahindi niliposikia binti yangu akipiga kelele. Nililia, na sikusingizia vumbi la mahindi. Kijana yule nilimpenda kama wa kuzaa.

Gathoni amehamia Kabuchai sasa. Kitanda chao nilikipakia mwenyewe kwenye pikapu. Na Wabwile alitimiza ahadi kabla hata hajaanza kazi. Alinunua blanketi jekundu, zito, lenye maua, akapitia kwetu akiwa nalo kabla ya kumpelekea yule bibi. Waruguru alilipapasa pande zote, akaenda akaleta lake la kijivu, akayapima uzito, moja kila mkono.

Tangu siku hiyo, kila Gathoni akipiga simu, mama yake hamsalimii kwanza.

"Mwambie bwana yako," anasema, "kuna mgonjwa huku Kitale anasikia baridi."