Sindano ya Kumi na Mbili

Fundi alikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo hilo mlikuwa na sindano za mkono kumi na mbili. Si kumi na moja, wala kumi na tatu. Shangazi yake, aliyemfundisha kushona, alimwachia kopo pamoja na sheria yake: kila unapoacha kazi, hesabu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haina sindano iliyopotea, ina sindano iliyoingia mahali. Miaka kumi na mmoja fundi hakuwahi kukosa hata moja, na alipenda watu walijue hilo. Wateja walilijua. Majirani walilijua mpaka wakalichoka.

Kiumbe kimoja tu ndani ya nyumba ile hakikutii sheria, nacho kilikuwa na mkia. Walimwita Mheshimiwa kwa kuwa alipokea kila kitu na hakushukuru. Alilala juu ya nguo za wateja zilizokwisha kupigwa pasi, alikojolea kikapu cha vitambaa, na uzi ndio ulimtia wazimu kabisa: ukining'inia popote, hata kwenye pindo la suruali ya mume wa fundi, lazima aurukie. Mara tatu fundi alikata kauli kwamba paka aondoke, na mara tatu binti yake wa miaka sita alisimama mlangoni akamtetea mpaka kesi ikafa. Ndiyo maana wakamwita Wakili. Mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa akirudia neno la mwisho la kila anayesema, wakamwita Mwangwi. Kitinda mimba alikuwa na miezi minane na hakuwa amepata jina la utani. Yeye alijulikana kwa kilio.

Mchana ule fundi alikuwa akishona vifungo kwenye mashati ya shule, mashati arobaini na matano, na mwenye mashati angekuja kuyachukua jioni. Mtoto akalia. Fundi akaacha shati na kifungo chake nusu, akakata uzi, akampakata, akampa ziwa. Hajakaa sawasawa, Mheshimiwa akaruka kutoka dirishani akatua kifuani pake, kucha mbele. Fundi akashtuka, akajikunja kumkinga mwanawe, na mtoto akapiga yowe. Shavuni, chini kidogo ya jicho, palikuwa na mstari mwekundu unaovuja damu.

"Jicho! Alitaka kumtoa jicho mwanangu!"

Alimweka mtoto mkekani, akavuta mtandio uliokuwa mlangoni akajitupia mabegani, akaokota kandambili na kumfukuza paka. Paka akapita juu ya meza. Kopo likaanguka. Wakazunguka uani mara mbili, fundi akitaja ukoo wote wa paka yule, mpaka mnyama akajichimbia chini ya pipa. Fundi aliporudi ndani alimkuta mtoto ameketi katikati ya sindano zilizotapakaa, anatafuna kitu kisichoonekana, mate yakimchuruzika mpaka tumboni.

Alimtia kidole mdomoni. Hapakuwa na kitu. Akaokota sindano moja moja, akazipanga juu ya meza. Akahesabu. Kumi na moja. Akainua mkeka, akaukung'uta, akahesabu tena kwa sauti kana kwamba sauti ingeongeza moja. Kumi na moja.

"Moja," alisema Mwangwi.

Mtoto akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, lakini fundi akamnyakua kutoka mkekani.

Mumewe, dereva wa gari la mikate, aliingia wakati huo kutafuta chakula cha mchana. Hakukipata. Alipata mke anayelia, mtoto mwenye damu shavuni na hesabu isiyotimia. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alitoka uani, akamvuta Mheshimiwa kutoka chini ya pipa, akamtia kwenye kreti tupu la mikate, akafunika kwa kreti jingine na kufunga kamba.

Wakili akasimama mlangoni kama kawaida yake. "Baba, usimchukue! Mama, hakumrukia mtoto. Alikuwa anataka uzi."

"Uzi," alisema Mwangwi.

"Uzi gani?" Fundi alimgeukia, uso umemvimba kwa machozi. "Unauona uzi hapa wewe? Mdogo wako amemeza sindano, nawe unaniletea habari za paka! Pisha njia!"

Wakili alimtazama mama yake kuanzia usoni hadi kwenye mtandio. Kisha, kwa mara ya kwanza, akapisha njia.

Watoto wawili wakaachwa kwa jirani. Wengine wakapanda gari la mikate kwenda hospitali. Fundi alimshika mtoto wima, maana alifikiri akimlaza sindano itashuka, na kila gari lilipoingia shimoni alifumba macho. Nyuma, Mheshimiwa alilia njia nzima. Kwenye lango la hospitali mume alisema, "Nikishusha mikate nitamwacha kule kwenye kiwanda cha unga. Kuna panya wengi, hatakufa njaa."

"Mwache mbali," alisema fundi. "Nisimwone tena."

Daktari alimulika koo la mtoto, hakuona kitu, akasema ni lazima ipigwe picha. Foleni ilikuwa ndefu. Fundi alikaa kwenye benchi akihesabu pumzi za mwanawe kama alivyohesabu sindano. Alimwahidi Mungu mambo mengi, mengine hayawezekani. Mtoto alikohoa mara sita, na kila mara roho yake ilitoka ikarudi.

Ndani ya chumba cha picha, mpiga picha alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. "Utamshika wewe mwenyewe, mwanangu. Vua kila kitu chenye chuma."

Fundi akavua hereni. Akavua bangili. Akavua mtandio.

"Na hiyo je?"

"Ipi?"

Yule mama alinyoosha kidole. Juu ya ziwa la kushoto, sindano ilikuwa imechomekwa kwenye gauni, na tundu lake bado lilikuwa na uzi mweupe unaoning'inia, urefu wa shubiri moja.

Fundi aliitazama kama mtu anayetazama nyoka kitandani mwake. Shangazi naye alichomeka sindano kifuani kila alipositisha kazi, maisha yake yote. Fundi alijifunza mkono wa shangazi bila kuuliza. Ila shangazi hakuwahi kunyonyesha.

Picha ilipigwa hata hivyo, na ilikuwa safi. Kilichomliza mtoto, kilichomtoa mate na kumkohoza, kilikuwa jino lililokuwa likiota. Fundi alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka yule mama akamletea maji. Kisha akamkumbuka paka. Alimpigia mumewe simu. Iliita ikakatika. Ya pili pia. Mara ya tatu akapokea.

"Mtoto mzima?"

"Mzima! Paka yuko wapi?"

"Nimeshamwachia. Alikimbia kama kitu kilichofukuzwa na moto."

Hata hivyo, fundi alijiambia, kamkwaruza mtoto. Hilo halifutiki. Lakini alipofika kwa jirani na kumwona Wakili ameketi kwenye kizingiti, amekumbatia bakuli la paka, alijua kwamba kisingizio hicho hakitamtosha mtoto yule.

"Sindano nilikuwa nayo mimi," alimwambia. "Na uzi ulikuwepo. Uliuona?"

"Niliuona kabla hujavaa mtandio. Nilikwambia."

"Uliniambia."

Mume aliporudi aliwapakia wote garini, na walipofika kiwandani jua lilikuwa limelegea. Fundi alitembea kando ya ukuta mrefu, akainama chini ya malori, akaita, "Mheshimiwa! Njoo, Mheshimiwa!" Wapakuzi wa magunia wakauliza ni mkubwa gani amelala chini ya lori. Hakujali. Aliita mpaka sauti ikakauka, na hapakutoka hata unyoya.

Wakili akamvuta gauni. "Mama, anakuogopa. Rudi kwenye gari. Nipe uzi."

Hakuna kilichomwuma siku ile kama maneno hayo, kwa sababu yalikuwa kweli. Fundi akachomoa uzi kwenye ile sindano, akampa, akarudi garini. Alikaa na mtoto mapajani akitazama kupitia kioo jinsi binti yake anavyotembea polepole kando ya ukuta, uzi mweupe ukining'inia vidoleni mwake. Akaenda mpaka mwisho. Akarudi. Akaenda tena. Mara ya tatu kitu cha kijivu kikachomoka kwenye lundo la magunia na kuukamata uzi kwa miguu yote minne.

Wakili alimleta garini amembeba begani. Mwangwi akapiga makofi. Fundi alinyoosha mkono kumpapasa, na Mheshimiwa, ambaye alikuwa hajasahau kandambili wala kreti, akamkwaruza mara moja, haraka, akajificha kwapani mwa Wakili.

Fundi hakupiga kelele. Alitazama mgongo wa mkono wake. Mistari minne, sambamba, imepinda kidogo mwishoni. Kisha akamgeuza mtoto taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akatazama shavu lake. Mstari mmoja tu. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, na ulianza pale hasa shavu linapogusa gauni mtoto anaponyonya.

Alikumbuka alivyojikunja. Alikumbuka alivyombana mwanawe kifuani kwa nguvu zake zote, ili kumkinga.

"Mama?" Wakili aliuliza. "Amekuumiza sana?"

"Hapana," alisema fundi. "Si yeye aliyemkwaruza mdogo wako. Ni mimi."

Baba akageuka kwenye usukani. Wote wakamtazama Mwangwi, wakisubiri arudie neno, lakini Mwangwi hakusema kitu.