Mapigo ya Babu Dattoba

"Moyo wangu mimi unapiga mara hamsini kwa dakika, nipande kilima, nilale usingizi, kwake ni yale yale!" Tanaji aliwatangazia wanamiereka waliokuwa wakijisugua udongo mwekundu uwanjani. "Ndiyo maana daktari kanikabidhi babu."

Daktari hakumkabidhi mtu. Ni bibi yake, Muktabai, aliyemtoa kitandani kwa kumwagia maji. Na moyo huo wa hamsini ulikuwa wa miaka mitatu nyuma, kabla hajaacha miereka. Mazoezi aliyaacha, maziwa na lozi za mwanamiereka hakuviacha, na sasa kitambi kilimtangulia mlangoni kama mgeni wa heshima.

Babu Dattoba, bingwa wa zama zake, moyo ulimyumbisha wakati wa baridi. Daktari akaagiza apande taratibu ngazi za hekalu la Jotiba kila asubuhi. Akifika juu ahesabiwe mapigo, ipite dakika moja, ahesabiwe tena. Moyo uliozoea mazoezi hutulia upesi. Ukishuka kumi na mbili au zaidi, ruhusa ya kwenda hija ya Pandharpur kwa miguu ataipata. Usiposhuka, abaki nyumbani. Miaka arobaini na moja yeye na mkewe walikuwa wameitembea hija hiyo bega kwa bega, na Muktabai alishaapa kwamba bila mzee hatoki.

Nesi alipotaka kumwonyesha Tanaji namna ya kushika mkono, kijana alimkatiza. "Dada, mimi nimesoma biolojia mpaka kidato cha sita. Labda unifundishe kuruka."

Wakaanza kupanda. Wiki ya kwanza, mapigo yalishuka saba. Wiki ya nne, saba. Ya nane, saba, na siku moja sita. Ajabu ni kwamba babu sasa alifika juu bila kusimama, akiimba, huku Tanaji nyuma akihema kama nyati aliyekwama kwenye tope.

"Babu, moyo wako mkaidi huu!"

"Uache, mjukuu wangu. Moyo umezeeka."

Jioni ile Dattoba aliyafunga kitambaani yale matoazi madogo anayopiga akiimba njiani kila hija, akayapandisha juu ya kabati. Muktabai alimwona. Kesho yake akavaa viatu, akapanda nao. Akaendelea hivyo wiki mbili, na kila wakifika juu alimshika mumewe mkono wa kushoto, Tanaji akiwa ameshika wa kulia. Mapenzi ya wazee, Tanaji alijisemea, akageuza uso asije akacheka.

Ikafika asubuhi ya mwisho kabla ya kurudi kwa daktari. Juu ya ngazi Tanaji alibana gumba lake kwenye mkono wa babu, macho kwenye saa.

"Mia na thelathini." Ikapita dakika. Akahesabu tena, na safari hii hakuwa na mzaha wowote mdomoni. Alitamani kusema ishirini. "Saba, babu. Nisamehe."

"Mimi nimepata ishirini na mbili," alisema Muktabai.

"Bibi, mikono miwili, moyo si mmoja?"

"Hapa mioyo ni miwili." Aliinua kidole cha shahada na cha kati. "Nesi hushika hivi. Ulipomkatiza, alinifundisha mimi. Wewe unashika kwa gumba, na gumba lina mshipa wake unaopiga. Wiki mbili nimehakikisha, nisije nikampa mzee tumaini la bure. Hizo saba ni zako, mheshimiwa wa biolojia."

Dattoba aliutazama mkono wake wa kushoto. "Kumbe ulinishika mkono ili uhesabu? Nami nikadhani mapenzi."

"Kuhesabu ni dakika, mzee wangu. Mbona tukishuka siuachii?"

Mzee aliinamisha uso akapangusa macho kwa ncha ya kilemba. "Tukifika nyumbani," alisema, "niteremshie matoazi yangu."

Tanaji alilificha gumba lake ndani ya ngumi. Babu akamkamata mkono, kwa vidole viwili, akaitazama saa, midomo ikihesabu mpaka dakika ikakaribia kwisha.

"Hamsini, ulisema?"

"Babu, ile ilikuwa..."

"Nyamaza, utanipotezea hesabu," alisema Dattoba. "Nimeshapita mia."